Siku Gazeti Lilipojiita Ukweli

Hadithi! Hadithi!

Mnajua pa kuitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Wajukuu zangu huitikia kwa sauti hadi kuku waliokwisha kulala wanagutuka bandani. Ni mwitikio wa ajabu ukiufikiria. Msimulizi hajatamka neno, na tayari wasikilizaji wanaukaribisha uongo, wanautengea na kigoda ukae. Sungura atazungumza, fisi atalipa mahari, zimwi litameza kijiji kizima na watu watatoka tumboni vikapu vyao mkononi, wala hakuna atakayenipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Tulishakubaliana mlangoni.

Leo niitikieni nusu. Hadithi njoo, basi. Uongo uacheni nje, ingawa nawatahadharisha mapema kwamba utaingia tu, na utaingia umevaa sare.

Jumamosi moja nilifuatana na mjukuu wangu wa darasa la sita kwenye kibanda umiza cha jirani, pale penye mabenchi ya mbao na feni moja inayozunguka inapojisikia. Alikuwa amevaa jezi yake nyekundu ya Liverpool, ya kununua mnadani, herufi za mgongoni zimeanza kubanduka. Nilikaa nyuma yake, kwa hiyo mechi nzima macho yangu yaliangukia shingoni mwa jezi ile, mahali palipochapwa ndimi mbili za moto na katikati yake namba 97.

"Hii 97 ni ya nani?" nikamwuliza njiani tukirudi.

"Hakuna mchezaji wa 97, Babu. Labda ni namba ya kiwanda."

Si namba ya kiwanda. Jioni ile tuliketi barazani, umeme umekatika kama desturi yake, dada zake wadogo wawili wakajisogeza, na mimi nikawapa kisa hiki ninachowapa na ninyi. Ni kisa cha mpira, lakini zaidi ni kisa cha gazeti. Nami nimekula ugali wa gazeti zaidi ya miaka 30, kwa hiyo mnivumilie pale nitakapokunja uso.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Aprili 1989, mjini Sheffield, Uingereza. Nusu fainali ya Kombe la FA: Liverpool na Nottingham Forest, kwenye uwanja usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili, uitwao Hillsborough. Mechi ianze saa tisa alasiri. Mashabiki wa Liverpool walipangiwa upande wa barabara ya Leppings Lane, na wale wenye tiketi za kusimama, zaidi ya 10,000, walitakiwa wapite kwenye vigeti saba, vile vya chuma vinavyozunguka na kumpitisha mtu mmoja mmoja. Pigeni hesabu wenyewe. Kila kigeti kimeze watu zaidi ya 1,400 kabla filimbi haijalia.

Ilipopita saa nane na nusu, nje kulikuwa kumeshonana, watu hawawezi kusonga mbele wala kurudi nyuma. Askari waliokuwa pale wakaomba geti kubwa lifunguliwe kabla mtu hajafia nje. Mkuu wa operesheni ya polisi siku hiyo aliitwa David Duckenfield, na cheo cha kusimamia eneo lile alikuwa amekishika kwa majuma kama matatu tu. Saa nane na dakika 52 akatoa amri: fungueni. Geti C likafunguliwa. Watu kama 2,000 wakaingia, wakaona mbele yao njia pana kama handaki inayopita chini ya jukwaa, wakaifuata, kama ambavyo mimi na wewe tungeifuata. Njia ile iliwamwaga kwenye vizimba viwili vya katikati, ambavyo vilikuwa vimekwisha kujaa. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi. Hakuna aliyewekwa kwenye mdomo wa handaki kuwaambia watu piteni kando.

Nimesema vizimba, na sikukosea neno. Miaka ile viwanja vingi vya Uingereza vilikuwa na uzio wa chuma kati ya mashabiki na nyasi, kwa kuhofia fujo. Waliotangulia mbele wakabanwa kwenye chuma kile, na walioingia nyuma hawakujua. Mechi ilianza. Katika dakika ya sita refa akaisimamisha. Mashabiki waling'oa mbao za matangazo pembeni mwa uwanja wakazifanya machela, wakakimbia nazo na ndugu zao juu yake.

Hapo sitaendelea. Niseme tu kwamba watu 97 walikufa kwa sababu ya siku ile, wengi wao siku ileile, na wa mwisho mwaka 2021, akiwa ameishi na majeraha hayo miaka 32. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 10. Alikuwa binamu wa mtoto mwingine wa Liverpool, Steven Gerrard, ambaye baadaye alikuja kuwa nahodha wa timu.

Mjukuu wangu alikuwa amepeleka mkono shingoni, anaipapasa ile namba.

Sasa rudini nami kwenye chumba cha polisi, kile cha juu chenye dirisha la kuutazama uwanja. Watu bado wanatolewa vizimbani. Mtendaji mkuu wa chama cha mpira, Graham Kelly, anaingia kuuliza kumetokea nini. Duckenfield anamwambia kwamba mashabiki wamelivunja geti wakaingia kwa nguvu. Geti lenyewe ni lile alilotoa amri lifunguliwe, muda mfupi tu uliopita, kwa kinywa chake. Mwaka 2015, akiwa mzee, alikiri mbele ya mahakama iliyochunguza vifo vile kwamba maneno yale yalikuwa uongo.

Tazameni uongo ule ulivyotembea. Kelly alitoka akawaambia waandishi kile alichoambiwa. Watangazaji wakawaambia wasikilizaji kile walichosikia. Giza halijaingia, nchi nzima inajua kwamba geti limevunjwa. Kila aliyeubeba uongo ule alikuwa mkweli, isipokuwa wa kwanza.

"Ni kama mchezo wa kunong'onezana sikioni," akasema mdogo wa kike.

Unafanana nao, nikamwambia, ila katika mchezo wenu neno hubadilika kwa sababu kila mtu amesikia vibaya. Hapa neno halikubadilika hata kidogo. Kila mtu alisikia vizuri kabisa.

Siku nne baadaye, Jumatano tarehe 19, likaja jambo kubwa zaidi. Pale Sheffield kulikuwa na wakala mdogo wa habari, wa aina ile inayokusanya habari za mji na kuziuzia magazeti makubwa. Wakala huyo alikuwa amepokea maneno kutoka kwa askari, na mbunge mmoja wa mji ule, Irvine Patnick, naye akayatilia nguvu. Maneno yalikuwa kwamba mashabiki walevi waliwaibia majeruhi na maiti mifukoni, wakawakojolea askari waliokuwa wakiokoa, wakampiga askari aliyekuwa akimpulizia mtu pumzi mdomoni. Magazeti kadhaa yaliyachukua. Lakini moja, The Sun, lililokuwa likiuza takriban nakala milioni 4 kwa siku, liliyapanga ukurasa wa mbele chini ya kichwa ambacho mhariri wake, Kelvin MacKenzie, alikichagua mwenyewe. Kwa Kiingereza ni maneno mawili. Kwa Kiswahili linatosha moja, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara:

UKWELI.

Mnaona nilichoanza nacho? Mimi msimulizi wa barazani, mwenye sungura na mazimwi, nawafungulia mlango kwa kukiri kwamba uongo unakuja. Gazeti lenye ghorofa zake London likafungua mlango kwa kinyume chake.

Mwandishi aliyeiandaa habari ile, Harry Arnold, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alimwambia mhariri hawawezi kuiita ukweli, kwa sababu hawajui kama ni kweli. Hakusikilizwa. Mimi namwelewa Arnold, na hata namwonea huruma kidogo. Katika chumba cha habari, saa ya kufunga gazeti, mwandishi huwa ni fundi aliyeleta matofali. Nyumba inajengwa na mwingine, na mtambo wa kuchapia unasubiri.

Hapa niwaeleze neno moja ambalo mnalicheka. Nimewasikia mkimwigiza mtangazaji wa taarifa ya habari: "inadaiwa kuwa… inadaiwa kuwa…" Hilo neno mnaloliona la kuchosha ni kazi ngumu. Linasema: mimi sikuona, nimeambiwa, na aliyeniambia anaweza kuwa amekosea. Laiti kichwa kile cha Jumatano kingekuwa "Askari wadai", habari ingebaki chafu, lakini msomaji angejua tope limetokea mto upi. Wala msilisujudie neno lenyewe. Nimewahi kuona "inadaiwa" ikigeuzwa kichaka cha kujifichia: inadaiwa fulani ni mchawi, inadaiwa fulani amekula fedha za ushirika. Inadaiwa na nani? Kama gazeti halikwambii nani anadai, basi anayedai huenda ni mwandishi mwenyewe.

Kwa nini watu waliamini upesi hivyo? Mjukuu wangu mkubwa aliuliza hilo, na ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa jioni ile. Miaka minne kabla, mwaka 1985, kwenye uwanja wa Heysel mjini Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao wa Juventus, ukuta ukaporomoka, wakafa watu 39. Hilo ni kweli, na mwenye mapenzi na jezi nyekundu asilifiche. Klabu za Uingereza zilifungiwa kucheza mashindano ya Ulaya. Kwa hiyo mwaka 1989 msomaji wa London alikuwa na picha kichwani tayari: mlevi, mwenye fujo, wa Liverpool. Gazeti halikuhitaji kumchorea, lilimwonyesha tu picha aliyokuwa nayo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ukimwuzia habari kwamba ung'ongo ule umeuma mtu, atainunua bila kuhesabu chenji.

Nikafika hapo nikanyamaza kidogo, maana nilikumbuka jambo langu. Nitalisema na kwenu.

Nikiwa kijana, miaka ya mwanzo kabisa ya kazi, nilikuwa zamu ya usiku kwenye gazeti moja ambalo sina haja ya kulitaja. Simu ikalia: basi limepinduka mahali fulani bara, watu kadhaa wamekufa. Upande wa pili alikuwa ofisa wa polisi, mtu muungwana, aliyenipa idadi, muda, na namba za basi. Nikamwuliza chanzo. Akajibu kwa sentensi ambayo kila Mtanzania anaijua kama sala: chanzo cha ajali ni mwendokasi na uzembe wa dereva. Nikaandika. Aya tano, robo saa, nikaenda kunywa chai. Dereva mwenyewe alikuwa amefia pale pale.

Miezi kadhaa baadaye alikuja mama mmoja ofisini, mjane wa yule dereva, na kipande cha gazeti letu ndani ya mfuko wa nailoni. Hakupiga kelele. Aliniambia mumewe alimlalamikia mwenye basi mara mbili kuhusu breki, na kondakta aliyepona anaweza kuthibitisha. Halafu akaniuliza kama nilifika pale palipotokea ajali. Sikufika. Akauliza kama nilizungumza na abiria yeyote. Sikuzungumza. Watoto wake, alisema, shuleni wanaitwa watoto wa muuaji.

Nimelala na maswali yake miaka mingi, wajukuu. Watu wakisema chombo cha habari kinapendelea, huwazia mwandishi anayemchukia mtu, au aliyepewa bahasha, au mwenye gazeti anayetaka ubunge. Yote hayo yapo, na bahasha nimeziona kwa macho yangu zikigawiwa mwisho wa mkutano kwa jina la nauli. Lakini usiku ule sikuwa na chuki na dereva wala udugu na polisi. Upande niliouegemea ulikuwa ni simu. Nilimwamini mwenye ofisi, mwenye cheo, anayepokea simu saa tano usiku na kutamka sentensi iliyonyooka. Marehemu hana simu. Ndivyo ilivyokuwa Sheffield pia: polisi walikuwa na msemaji, na chama chao, na mbunge. Waliobanwa kwenye chuma, na mama zao waliokuwa wakihangaika hospitalini kuwatafuta, walikuwa na nini?

Turudi huko. Jaji aliyeteuliwa kuchunguza, Peter Taylor, alitoa ripoti ya kwanza Agosti mwaka uleule: sababu kuu ni polisi kushindwa kuudhibiti umati, na zile shutuma za wizi na mikojo hazina msingi. Miezi minne tu! Ukweli haukuchelewa sana. Ila ripoti ilikuwa na kurasa nyingi, na kichwa kile cha habari kilikuwa kifupi, na watu milioni kadhaa walikuwa wamekwisha kukisoma wakinywa chai. Ukienda sehemu nyingine za Uingereza miaka kumi baadaye bado ungekutana na mtu anayekwambia "lakini walikuwa wamelewa".

Kulikuwa na wengine waliotaka iaminike hivyo. Damu ya marehemu ilipimwa kutafutwa kilevi, ikiwamo ya watoto. Maelezo waliyoandika askari wenyewe kuhusu walichoona yalipitiwa na wakubwa kabla ya kupelekwa mbele. Mambo hayo hayakujulikana kwa ukamilifu wake hadi mwaka 2012, wakati jopo huru chini ya Askofu wa Liverpool, James Jones, lilipopekua zaidi ya kurasa 450,000 za nyaraka. Maelezo ya askari 164 yalikuwa yamebadilishwa kwa kiasi kikubwa, na katika hayo 116 yalifutwa au kupindishwa maneno yaliyowalaumu polisi. Jopo lilisema pia kwamba watu 41 walikuwa na uwezekano wa kupona kama wangeokolewa ipasavyo. Waziri mkuu akasimama bungeni akaomba radhi. The Sun likatoka siku ya pili na kichwa kipya ukurasa wa mbele, kikisema sasa huu ndio ukweli halisi, na kuomba radhi. MacKenzie naye akaomba. Miaka 23.

"Sasa wamesamehewa?" akauliza mdogo.

Gazeti lile mjini Liverpool halinunuliki. Wenye maduka wengi hawaliweki kabisa, na mwaka 2017 klabu ikawafungia mlango waandishi wake. Wasomi wawili, Florian Foos na Daniel Bischof, waliufuatilia mgomo huo wakachapisha utafiti wao mwaka 2022. Waliona kwamba eneo lile, baada ya kuacha kulisoma gazeti lililokuwa likiisema vibaya Jumuiya ya Ulaya siku baada ya siku, chuki ya watu kwa Ulaya ilipungua ikilinganishwa na kwingineko. Mimi hilo ndilo linalonitisha kuliko kichwa kile kimoja. Uongo mkubwa hugutusha watu, hata hutengenezewa namba ya kuvaliwa shingoni. Lakini tone dogo la kila asubuhi, la mwaka baada ya mwaka, nani analihesabu?

Mjukuu wangu wa jezi alikuwa amekasirika, na hasira yake ikaelekea pale ambapo hasira za vijana wengi huelekea. "Basi, Babu, magazeti yote waongo. Redio waongo. Mimi siamini chochote."

Nikamwuliza: nani alifukua yale maelezo yaliyobadilishwa? Akanyamaza. Ni watu wengi, wakiwamo akina mama waliofiwa waliokataa kuchoka. Lakini mwaka 2009, ikitimia miaka 20, mwandishi David Conn wa The Guardian aliandika makala ndefu iliyoyaeleza mabadiliko yale kwa undani, na wabunge wawili wa serikali, Maria Eagle na Andy Burnham, wakadai nyaraka zote zifunguliwe. Burnham alikwenda Anfield, uwanja wa Liverpool, kuhutubia kumbukumbu, umati ukamkatiza kwa kudai haki, akarudi London mtu mwingine. Jopo likazaliwa kutokana na hayo. Gazeti liliziba, gazeti likazibua. Hata kamera za BBC zilizokwenda kurekodi mpira siku ile zilibaki na picha ambazo hakuna mkubwa wa polisi aliyeweza kuziandika upya.

Na asiyeamini chochote ninamfahamu. Ni jirani yangu hapa. Redio haamini, gazeti haamini, ila ujumbe wa sauti wa WhatsApp, uliosambazwa mara nyingi na mtu asiyetaja jina, huo anautumia kwenye makundi manne kabla hajapiga mswaki.

Niwape mfano wa nyumbani. Mimi ni Yanga, na sitaomba radhi kwa hilo. Kuna mtangazaji mmoja wa redio ambaye hajawahi kusema timu yake, lakini nchi nzima inajua ni Simba; ukimsikiliza, bao la Simba ni "bao safi la kiufundi", na letu ni "mpira umewababatiza mabeki ukaingia". Miaka yote namsikiliza huyohuyo. Akisema mbili kwa moja, ni mbili kwa moja. Akisema dakika ya 70, ni ya 70. Akikosea jina la mfungaji, dakika haipiti anajisahihisha. Sifa zake huzivua kama maganda ya muwa, nikabaki na hesabu zake. Kuna mwingine ni Yanga mwenzangu, ananifurahisha roho, na matokeo akinipa huwa nahakikisha kwa mtu mwingine.

Mtu asiye na upande sijakutana naye chumba cha habari wala nje yake. Kila mtu amekaa jukwaa fulani, na nguzo fulani inamziba. Kwa hiyo siku hizi nikisoma habari siulizi kwanza kama mwandishi ana upande. Nauliza alikuwa wapi yeye, na aliyemweleza alikuwa wapi, na mdomo gani humu ndani haujafunguliwa. Habari ya mgomo wa wanafunzi yenye maneno ya mkuu wa shule tu. Habari ya wamachinga walioondolewa barabarani yenye maneno ya mkuu wa wilaya tu. Hapo najua kuna simu haikupigwa.

Hata mimi msiniamini moja kwa moja. Nimewasimulia kuhusu Duckenfield, nikaruka jambo: mwaka 2019 alisimama kizimbani kwa shtaka la kuua bila kukusudia, kwa uzembe, na baraza la raia waliokula kiapo likasema hana hatia. Nisingelisema hilo mngelijuaje? Nililiruka kwa sababu lilikuwa linaniharibia hadithi. Sikudanganya popote, lakini mngeondoka na kisa chenye ukosi uliokatwa.

Na hapo ndipo kuna kipande cha mwisho. Tarehe 26 Aprili 2016, baada ya uchunguzi wa vifo uliochukua miaka miwili, baraza jingine la raia lilitamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa lolote. Familia zilisimama nje ya mahakama zikaimba. Asubuhi iliyofuata magazeti mengi ya Uingereza yaliliweka jambo hilo mbele, kwa picha kubwa. The Sun halikuliweka ukurasa wa mbele. Lilikuwa ndani. Gazeti la The Times, la mmiliki huyohuyo, Rupert Murdoch, nalo toleo lake la kwanza halikuliweka mbele, hadi watu walipolalamika, wakiwamo wafanyakazi wake wenyewe, likabadilishwa toleo la pili.

"Kwa hiyo siku hiyo hawakudanganya," akasema mjukuu wangu mkubwa.

Hawakudanganya. Lilichapwa, liko ndani, ukifunua utalikuta.

Umeme ulirudi hapo, tukafumba macho sote kwa ule mwanga wa ghafla. Wadogo wakakimbilia televisheni. Yeye hakuondoka. Alikuwa ameivua jezi, ameikunja mapajani, ile namba iko juu, na nikadhani anawaza mambo ya Sheffield.

"Babu," akasema. "Yule mama wa nailoni. Gazeti lenu liliandika tena kuhusu breki?"

Nilisema kwamba mhariri aliona habari imekwisha pitwa na wakati. Nikasema kondakta alihama mji. Nikasema mwenye basi alikuwa akitangaza kwetu kila Ijumaa, nusu ukurasa. Mtoto alinisubiri nimalize.

"Kwa hiyo hamkuandika."

"Hatukuandika," nikamwambia.